Karatasi ya ajali inauliza buti na glavu, usingizi haiulizi

Wandugu, leo naandika na hasira, sitapunguza maneno. Mimi ni opereta wa kreni kwenye kiwanda kimoja cha shaba, nje kidogo ya Lubumbashi, Kongo. Jina la kampuni naliacha, nina watoto wanaokula bukari kwa mshahara huo huo.

Wiki iliyopita, saa kumi usiku, usiku wangu wa tano mfululizo, nilikuwa juu kwenye ukumbi wa elektrolizi, pale shaba inaposafishwa kwa umeme, nimebeba fungu la katodi, yaani mabamba ya shaba safi, tani mbili na zaidi. Sikusinzia. Macho yalikuwa wazi kabisa. Lakini kuna sekunde tatu nne ambazo mpaka leo sina habari nazo. Akili iliporudi, mzigo ulikuwa unayumba na umeshapinda reli ya ngazi. Mwenzangu alikuwa ametoka kupita pale pale. Mpaka sasa nikifumba macho nauona mgongo wake.

Asubuhi, badala ya kupanda basi, nikakalishwa ofisini mbele ya karatasi ya Kifaransa. Ulivaa kofia? Ndiyo. Glavu? Ndiyo. Buti? Ndiyo. Hakuna mahali panapouliza mara ya mwisho ulilala lini. Chini kabisa shefu akajaza sababu ya tukio: uzembe wa opereta. Nikasaini. Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu, na getini kila siku kuna vijana wanasubiri nafasi.

Uzembe! Hebu tuhesabu. Basi linanichukua mtaani kwetu Katuba saa kumi na moja jioni. Naingia saa kumi na mbili, natoka saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani nafika saa mbili. Usiku sita kwa wiki, ni saa 72. Sheria ya kazi ya nchi hii, ile ya 2002, inasema saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Najua atatokea mjuaji wa kuniambia kuna saa za ziada. Zipo, ndugu yangu. Basi zilipwe kama za ziada, na mtu aulizwe kwanza kama anazitaka.

Kulala kwenyewe ni mchana, chini ya bati. Saa nne limeshashika moto, umeme hakuna, feni imenyamaza, na jirani ana maombi ya spika na jenereta. Juzi mtoto wangu wa miaka sita aliangusha sufuria, nikamfokea mpaka akajificha chini ya meza. Sijawahi kuwa baba wa namna hiyo. Mama yake akaniambia taratibu, "Baba watoto, siku hizi huko kazini wanaturudishia mwili tu."

Kinachonichoma zaidi: getini tunapuliza kipimo cha pombe kila tukiingia. Sawa, ni vizuri. Lakini mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anakosea kama mtu aliyekunywa, hilo limepimwa miaka mingi. Na kwenye saa tisa, saa kumi usiku joto la mwili linakuwa chini kabisa na mwili wenyewe unataka kulala, hata umpe mtu kahawa ndoo nzima. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Sisi tuko 72. Nilipokwenda dispansari ya kampuni na moyo unadunda ovyo, nikapewa vitamini na parasetamoli: "Wewe bado kijana."

Sasa swali langu kwa wenzangu wa viwandani, Likasi na Kolwezi pia: kuna yeyote aliyekataa kusaini karatasi ile, au aliyeandika kwa mkono wake "nilichoka", na akabaki kazini? Nijibuni kabla ya Jumatatu. Jumatatu narudi posti ya usiku, kreni ile ile.