Mbolea ya ruzuku inatufikia mahindi yameshatoa mbelewele: kilimo cha nchi hii kinapangwa kwa kalenda ya nani?

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha, ila nitajitahidi kulieleza jambo kwa utaratibu ili anayetaka kunipinga anipinge kwa hoja. Mimi ni mkulima mdogo katika mkoa wa Songwe, Tanzania. Ninalima ekari nne, tatu za mahindi na moja ya maharage, na sina duka, sina mshahara, sina mradi mwingine wa pembeni. Ada za watoto, matibabu, hata bati lililo juu ya kichwa changu, vyote vimetoka kwenye magunia.

Msimu uliopita tulipanda tarehe 28 Novemba, baada ya mvua kulowesha udongo vya kutosha. Mbolea ya kupandia niliipata kwa taabu, mifuko miwili badala ya mitatu niliyoandikishwa, nikajipa moyo kwamba ya kukuzia itakuja kwa wakati. Haikuja. Mahindi ya huku kwetu yanatakiwa kupata mbolea ya kukuzia yakiwa usawa wa goti, yaani kati ya wiki ya nne na ya sita, na kila anayelima anajua kwamba siku hizo zikipita hazirudi. Desemba ikaisha. Januari karibu nzima nilikuwa naamka saa kumi alfajiri na kutembea hadi kwenye duka la wakala, na kila siku jibu lilikuwa moja, kwamba gari liko njiani. Siku gari lilipofika mara ya kwanza lilishusha mifuko isiyotosha hata nusu ya watu tuliokuwa kwenye foleni. Mimi nilipata zamu yangu tarehe 6 Februari, wakati mahindi yameanza kutoa mbelewele, yaani ua lile la juu.

Ambaye hajawahi kuona mahindi yenye njaa naomba nimweleze. Unjano unaanzia kwenye ncha ya majani ya chini, unaufuata uti wa jani kurudi kwenye shina kama ulimi, kisha jani linakauka na kukwaruza kama karatasi unapolipita. Majani ya juu yanabaki na ukijani hafifu kwa sababu mmea unakula akiba yake mwenyewe. Nilikuwa naingia shambani kila jioni na kuona unjano umepanda jani moja zaidi. Ekari zile tatu msimu wa kabla yake zilinipa magunia 54. Safari hii nimepata 23.

Jirani yangu, mjane mwenye umri wa miaka 70 na ushee, yake ilikuwa mbaya zaidi. Hana simu, hivyo wakati wa kuandikishwa aliandikwa kwa namba ya mjukuu wake, ambayo ndiyo hupokea meseji yenye namba ya kuchukulia mbolea ya ruzuku, na mjukuu akaondoka na laini yake kwenda machimbo ya dhahabu Chunya. Bibi akaenda ofisini kuomba asaidiwe, na nilikuwapo, nikasikia akiambiwa, "Bibi, bila ile meseji yenye namba, mfumo haukutambui." Akajibu kwa upole, "Mwanangu, shamba langu unalipita kila siku ukija hapa ofisini." Hakusaidiwa. Aliuza mbuzi, akanunua mbolea ya kupimiwa kwa kilo gulioni, chembe nyeupe ambazo zilikaa juu ya udongo uliolowa kwa siku tatu bila kuyeyuka. Ilikuwa mbolea gani hiyo, na aliyeiuza yuko wapi leo?

Naomba nieleweke kwamba sipingi ruzuku. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua mpango huu, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umepanda hadi kuzidi shilingi 130,000 kutokana na vita vya Ukraine na misukosuko ya soko la dunia, na kuushusha hadi shilingi 70,000 kulikuwa msaada wa kweli kwetu. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Bado hatujafika popote karibu na asilimia 10 ya bajeti ya serikali ambayo viongozi wa Afrika waliiahidi Maputo mwaka 2003, lakini fedha zimeongezeka na ni haki kusema hivyo. Ninachokilalamikia ni kwamba fedha hizo, tani hizo na takwimu hizo zinahesabiwa na kutangazwa pasipo mtu yeyote kuulizwa swali moja rahisi: mfuko ulifika katani tarehe ngapi?

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi. Mwaka wa mkulima wa Nyanda za Juu Kusini unaanza mvua ya Novemba inapodondoka. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miezi minne tu, na ndani ya miezi hiyo inatakiwa bajeti iliyopitishwa Juni igeuke fedha, taratibu za uagizaji zikamilike, meli isafiri, shehena ishushwe na kufungwa kwenye mifuko bandarini Dar es Salaam, malori yapande karibu kilomita 900 hadi huku kwetu, na wakala wa kata, ambaye mara nyingi ni mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, awe na fedha za kuulipia mzigo kabla ya kuuza. Mwagizaji ambaye hajalipwa na serikali fidia ya ruzuku ya msimu uliopita hawezi kwenda benki akakopa ya kuagizia shehena nyingine, na wakala wa ngazi ya chini anayengoja kurejeshewa fedha zake ataacha kuchukua mzigo au atachukua kidogo. Kuchelewa huku kumejengwa ndani ya mpango wenyewe, na ndiyo maana maelezo ya "gari liko njiani" yananiudhi kuliko tusi.

Wala si mara ya kwanza. Wenye umri wangu mnazikumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09, zile za nusu bei kwa ekari moja. Malalamiko yetu wakati ule yalikuwa haya haya, kwamba vocha inagawiwa wakati watu wameshapanda. Ikaja kampeni ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, wazazi wetu wakatuambia kwamba wao walipitia Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Kila awamu ina jina lake na uzinduzi wake. Hata pikipiki zilizogawiwa maelfu kwa maafisa ugani mwaka 2022 sizibezi, maana bwana shamba asiye na usafiri hawezi kufika kokote, ila bwana shamba wa kwetu alifika kwa pikipiki yake katikati ya Januari kutueleza umuhimu wa kuweka mbolea ya kukuzia kwa wakati, nasi tukamsikiliza kwa adabu, mikono mitupu.

Nilidhani hasira yangu ingeishia kwenye mbolea, lakini ukivuna unakutana na serikali ile ile kwa upande wa pili. Mnunuzi wa kwanza kufika kijijini ni dalali, na anafika Juni, wakati shule zinadai na deni la pembejeo limeiva. Anapima kwa debe lenye kichwa, gunia analishona lumbesa la debe saba na kulilipia kama la debe sita, ingawa sheria ya vipimo inakataza jambo hilo waziwazi na kila kiongozi anayepita huku analilaani jukwaani. Kituo cha serikali cha kununua mahindi kina bei nzuri zaidi na mizani ya haki, sikatai, ila kwetu kilifunguliwa wakati wenye shida wote tumeshauza, na waliobaki na mzigo wakalala siku kadhaa nje ya geti, juu ya magunia, wakingoja zamu. Dalali aliyeyanunua mahindi yangu Juni ndiye niliyemkuta kwenye foleni hiyo Agosti, na magunia yale yale.

Halafu kuna mipaka. Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, iko jirani yetu, na soko la nje ndilo linalompa mkulima wa huku nguvu ya kumwambia dalali hapana. Mwaka 2011 serikali ilizuia mahindi kwenda nje. Juni 2017 ikazuia tena, tukiwa ndiyo kwanza tunavuna, na marufuku ilipokuja kuondolewa bei zilikuwa zimeanguka na watu wameuza kwa hasara ambayo wengine hawajainuka nayo hadi leo. Ninafahamu hoja ya usalama wa chakula, na sina ugomvi na mwananchi wa mjini anayetaka unga wa bei nafuu. Lakini kama taifa linahitaji mahindi yangu yabaki ndani, basi taifa liyanunue kwa fedha taslimu siku lilipofunga mpaka, badala ya kunibebesha mimi peke yangu, mwenye ekari tatu, gharama ya unga wa nchi nzima.

Ninachodai ni hiki. Mbolea ya kupandia iwe imefika katani kabla ya mwisho wa Oktoba na ya kukuzia kabla ya katikati ya Desemba, na kila halmashauri ibandike kwenye mbao za matangazo za kata tarehe mzigo ulipofika na idadi ya mifuko. Mzee asiye na simu atambuliwe na mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji kwa saini, kwa sababu wao wanamjua. Vituo vya kununulia vifunguliwe mwanzoni mwa mavuno. Fedha za ruzuku ya msimu ujao zitengwe na kulipwa ndani ya mwaka wa fedha unaotangulia, ili meli ziagizwe Machi na Aprili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jina jipya wala uzinduzi.

Ninawaomba wakulima mlioko Rukwa, Ruvuma, Njombe, Katavi na kwingineko mwandike hapa chini tarehe mliyopanda na tarehe mbolea ya kukuzia ilipofika katani kwenu, bila kutaja majina ya watu, ili anayesema kwamba mbolea ilikuwapo tumwonyeshe ilikuwapo lini. Mimi naanza: tulipanda tarehe 28 Novemba, mbolea nikaipata tarehe 6 Februari.