Hospitali za dini, rudisheni hela ya dawa kwenye dawa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina miaka tisa kwenye stoo ya dawa ya hospitali inayomilikiwa na taasisi ya dini. Jina lake naliacha, maana kila nikikutana na wenzangu wa hospitali nyingine za dini, za kanisa hili na lile, hata wa zahanati za Kiislamu, tunasimuliana mambo yaleyale: hela ya dawa imeliwa na shughuli nyingine, msambazaji amefunga mkopo, na bosi anasema "tafuteni popote".

Hilo "popote" ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Miezi michache iliyopita mama mmoja alijifungua salama usiku, kisha damu ikaanza kumtoka. Muuguzi wa zamu akafanya alivyofundishwa, akamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikome. Mfuko wa uzazi haukukaza. Akachukua kichupa kingine. Hola. Mama akapakiwa kwenye gari kukimbizwa hospitali nyingine, na alipona kwa sababu gari lilikuwepo, lilikuwa na mafuta, na huko alikokwenda palikuwa na damu ya kundi lake. Kimoja kati ya hivyo kingekosekana, tungekuwa tunaongea mengine.

Asubuhi muuguzi akaitwa ofisini aandike barua ya kujieleza. Mimi wa stoo hakuna aliyeniita. Nilikwenda mwenyewe na kitabu changu cha mapokezi nikawaonyesha: oksitosini ile ilinunuliwa kwenye duka la jumla ambalo hatujawahi kulikagua, ikaletwa kwenye boksi la kawaida pamoja na glovu na pamba, bila barafu. Oksitosini hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, UNICEF la watoto na UNFPA la idadi ya watu, walitoa tamko la pamoja kusisitiza jambo hilohilo. Nilipoipokea niliandika kwa kalamu nyekundu "imefika ya moto" nikapeleka juu. Jibu lilikuwa: iingize friji, wodi ya wazazi haina kitu.

Sisemi kwa uhakika kwamba dawa ndiyo iliyoshindwa. Hatukuipima. Hatuna pa kuipimia, na vichupa vilivyobaki viliendelea kutumika mpaka nilipovifungia kwa nguvu. Lakini barua ya kujieleza aliandika muuguzi.

Sasa nieleze tulifikaje hapo, maana watu wanadhani ni umaskini tu.

Hospitali nyingi za dini huendesha dawa kwa mfuko unaozunguka. Unaanza na shehena ya kwanza, mgonjwa au bima analipa, hela inarudi kununua shehena nyingine, na faida ndogo inafidia bei zinazopanda na dawa zinazokwisha muda. Ni mpango mzuri kabisa. Una sharti moja tu: hela ikitoka dirisha la dawa irudi kwenye dawa. Kwetu hairudi. Mwezi mmoja imelipa mishahara, mwezi mwingine ikatengeneza jenereta, mwaka jana ikachangia maadhimisho ya jubilei. Kila mara wanasema "tunaazima". Sijawahi kuona hati ya kuazima wala siku ya kurudisha. Mfuko unapungua polepole, na anayeuona ni yule anayefungua makabati kila asubuhi. Kwenye hesabu za bodi unaonekana mzima, kwa sababu deni la msambazaji linaandikwa ukurasa mwingine.

Waswahili tunasema dawa ya deni kulipa. Tukiacha kulipa, msambazaji anatufungia mkopo, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana jambo hili wakubwa wetu hawalielewi kabisa. Mashirika ya dini yalishajua zamani kwamba hospitali moja moja haiwezi kununua dawa salama peke yake, yakaungana. Uganda, makanisa ya Katoliki na Protestanti yalianzisha bohari ya pamoja, Joint Medical Store, mwaka 1979. Kenya wakaanzisha bohari yao, MEDS, mwaka 1986, nayo ina maabara yake, iliyotambuliwa na WHO, ya kupima ubora wa dawa. Kuna mtandao mzima wa kikanisa wa mambo ya dawa, EPN, wenye makao Nairobi. Bohari za namna hii huagiza kwa wingi, hukagua wanaowauzia, na shehena moja ikipimwa, hospitali nyingi zinanufaika na kipimo hicho.

Kwa hiyo ukifungiwa mkopo na bohari yako, hujapoteza dawa peke yake. Umepoteza na jicho lililokuwa likizitazama kabla hazijafika kwako. Unakwenda "popote", na huko hakuna wa kukukagulia. Mganga mfawidhi wetu anaona amepata panadoli na amoksilini kwa bei nafuu. Mimi naona mali nisiyoijua asili yake.

WHO ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Mwaka 2022 Gambia walizika watoto wengi baada ya kunywa sharubati za kikohozi na mafua zilizokutwa na diethilini glaikoli, kemikali inayoua figo. Wazazi waliwapa watoto wao dawa kwa mkono wa upendo. Nikisoma habari ile nilishuka stoo usiku kuangalia chupa zetu za sharubati, namba za toleo moja moja. Hakuna aliyenituma.

Na kupima hata kidogo inawezekana! Kuna maabara ya mkononi iitwayo Minilab, iliyotengenezwa Ujerumani, inabebeka kwenye masanduku. Unaangalia kifungashio, unaona kama kidonge kinavunjika kwenye maji kinavyopaswa, halafu unakilinganisha na kidonge halisi kwa kromatografia, yaani kutenganisha kemikali zilizomo ili zionekane. Haioni kila kitu, haichukui nafasi ya maabara kamili, lakini kidonge kisicho na dawa ndani kinakamatika. Bohari za kidini katika nchi kadhaa zinaitumia. Nilipoomba tujiunge na wenzetu wanaopima, nikaambiwa nisilete mambo ya wazungu. Wenzetu hao ni Waafrika na ni waumini kama sisi.

Halafu misaada. Naheshimu kila anayetoa, wengine wanajinyima kweli. Ila maboksi yanayofika na dawa zilizobakiza miezi miwili, zenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma, za magonjwa ambayo hatuyatibu, huo ni mzigo. Miongozo ya WHO ya misaada ya dawa ipo tangu 1996: zitoke kwenye mahitaji halisi ya mpokeaji, na zikifika zibakize angalau mwaka mmoja. Sisi tunapokea, tunapiga picha, tunashukuru madhabahuni, halafu mimi nabaki kutafuta kibali na hela ya kuziteketeza. Kusema "hapana, asante" kwetu kunaonekana kukosa imani.

Najua majibu yenu. Bima inachelewa kulipa. Kweli, inachelewa, na madai mengine inayakataa. Ruzuku ya serikali haiaminiki. Kweli. Maskini hawezi kufukuzwa mlangoni, na Mungu anisamehe nikisema afukuzwe. Lakini msamaha wa maskini uwe na fungu lake kwenye bajeti, tulione, tuliombee sadaka hadharani. Ni afadhali hivyo kuliko kumtibu kwa kula mfuko wa dawa kimyakimya, halafu maskini huyohuyo anarudi mwezi ujao anakuta kabati tupu na anaandikiwa karatasi akanunue nje. Nje ni wapi? Ni kule kule "popote", sasa akiwa peke yake.

Wagonjwa hawa wanapita vituo viwili vitatu vya karibu kuja kwetu. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, dawa ya hapa ni ya kweli, hapa ni kwa Mungu." Nikashika pakiti ile mkononi na sikuwa na cha kumjibu.

Wajumbe wa bodi, maaskofu, mashehe, wenyeviti, najua mna watu humu wanaowapelekea habari. Fungueni akaunti ya dawa inayojitegemea, na mfamasia awe mmoja wa watia saini. Anayeazima aandike na arudishe. Lipeni deni la bohari hata kwa awamu, kaeni nao mezani, hao ni ndugu zenu wa imani na wako tayari kusikiliza. Mfamasia awe na mamlaka ya kukataa mzigo bila kugombezwa. Nunueni vipimajoto vya friji na stoo. Stoo yetu chini ya bati hupanda kupita nyuzi 30 ambazo vifungashio vingi vinaonya, nami napima kwa kipimajoto nilichonunua mwenyewe. Nunueni hivyo kabla ya kupaka rangi geti.

Wenzangu wa stoo na madirishani, semeni na nyie. Msitaje hospitali. Semeni tu mfuko wenu wa dawa una hali gani na mara ya mwisho mlikataa mzigo lini.

Na lile la muuguzi sijaliacha. Barua yake ya kujieleza bado iko kwenye faili lake la utumishi. Nimeomba mara mbili kwa maandishi itolewe, na pale pale iwekwe nakala ya ukurasa wangu wa mapokezi wenye wino mwekundu. Jumatatu naomba mara ya tatu.