Mrejesho: stendi ya miguu mitatu kwa kamera ya inchi 4 kwa 5

Ndugu zangu, niliuliza ni stendi ipi ingeituliza kamera yangu inayotumia vipande vya filamu vya inchi 4 kwa 5 kwenye upepo, nami nawashukuru wote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuchukua stendi ya mbao isiyo na nguzo ya katikati ya kuinulia kamera, na picha za sekunde 2 (muda ambao filamu hupokea mwanga), ambazo awali zilitoka zimetikisika, sasa zinaonyesha hata mishipa ya majani. Kuning'iniza mkoba chini ya stendi ili kuiongezea uzito hakukunisaidia, kwa kuwa upepo uliuyumbisha na stendi ikatikisika nao. Nilipoushusha hadi ukagusa ardhi, mtikisiko ulikoma. Uzito wa mbao, hata hivyo, bado unanielemea sana nipandapo mlima.