Mbolezi za Wabatak: zirudi kwenye jeneza, zipelekwe jukwaani, au zife?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Mada inatoka mbali, ila Walutheri wa Tanga na Bukoba inawahusu kidogo: dayosisi zao za KKKT na HKBP, kanisa kubwa la Wabatak, kabila la Sumatra Kaskazini huko Indonesia, wamo katika umoja mmoja wa makanisa wenye makao yake Wuppertal, Ujerumani.

Ubishi wenyewe ni huu. Kwa Wabatak Toba, wale wa kandokando ya Ziwa Toba na kisiwa cha Samosir, mtu akifa wanawake hukaa ubavuni mwa maiti wakaimba andung. Ni kilio chenye maneno, kinatungwa papo hapo, na kina msamiati wake ambao husikii sokoni. Mliaji anamsemesha marehemu mwenyewe: mama, kaka, mwanangu. Wamisionari wa Kijerumani, na Nommensen aliyefika Sumatra mwaka 1862 akiwa ndiye maarufu kuliko wote, hawakuvumilia hilo. Kwao kumsemesha maiti kulinuka ibada ya begu, yaani mizimu. Leo hakuna anayekamatwa kwa kuimba, ila nafasi imebanwa: nyimbo za kitabuni, hotuba za mila, matarumbeta, kinanda cha kukodi. Wanaoijua andung vizuri wengi ni bibi zetu wa huko. Kuna wanaotaka iokolewe kwa mashindano ya jukwaani, na kuna wanaosema iacheni ijifie.

Mimi nasema irudi ubavuni mwa jeneza, na jukwaani isipande kabisa. Tazameni msiba wa Kibatak unavyokwenda. Wenye ukoo wana msemaji wao, hula-hula (upande uliotoa mke) wana wao, boru (waliooa mabinti wa ukoo) nao wana wao, na kwa kawaida hao wote ni wanaume. Mjane anafunikwa kichwani kitambaa cha ulos kiitwacho tujung, anachowekewa na watu wa kwao alikozaliwa. Baada ya mazishi haohao wanakifunua, wanamnawisha uso kwa maji. Kila kitu anafanyiwa. Zamu yake pekee ya kusema ni andung: nani alimuuguza marehemu, nani hakutia mguu, watoto hawa anaachiwa nani. Hakuna mzee wa kumkatiza, maana analia. Iondoeni, na zamu hiyo imekwenda.

MCHANGIAJI, TANGA
Mkuu, kwetu Waislamu hili lilikwisha siku nyingi. Machozi ruksa, Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Niyaha, kupiga mayowe na kumpamba maiti kwa maneno, imekatazwa. Tena usisahau kuna Wabatak wa Mandailing, upande wa kusini, ambao wengi wao ni Waislamu. Hao mbona huwauliza? Halafu hayo ya "nani hakutia mguu" ndiyo hasa ninayoyaogopa. Nimeshuhudia misiba ya huku uswahilini, mtu analia huku anamrushia wifi yake vijembe, na matanga hayajaanuliwa watu wameshagawanyika.

MCHANGIAJI, BUKOBA
Mimi ni mwinjilisti, na kwa hoja ya begu siwaungi mkono wamisionari. Fungueni Samweli wa Pili sura ya kwanza. Daudi anamlilia Yonathani na anamwita ndugu yangu, anasema naye kana kwamba yupo. Yeremia sura ya tisa inaagiza wanawake wajuao kuomboleza waitwe. Kama Daudi hakuwa anaabudu mizimu, bibi wa Samosir kosa lake nini?

Ila mtoa mada umechanganya vifo. Wabatak wanavipanga. Aliyekufa mzee, watoto wote wameoa na kuolewa na wajukuu wapo, huyo ni saur matua, na msiba wake ni sherehe: watu wanacheza tortor, matarumbeta yanalia, nyama inagawanywa kwa heshima ya kila upande. Ukimlilia sana huyo utaonekana huna shukrani. Andung mahali pake ni kwa mtoto, kwa kijana, kwa baba aliyeacha watoto wadogo. Hofu yangu mimi ni kwamba mitindo ya saur matua, kinanda na vipaza sauti, inahamia hadi kwenye misiba hiyo.

MTOA MADA
Mwinjilisti, hapo umenisaidia, nakubali. Ndugu wa Tanga, vijembe vipo, sikatai. Ila hotuba za wazee nazo zimejaa vijembe, tofauti ni kwamba zimevikwa methali. Mbona hizo hatuziiti fitina?

MCHANGIAJI, MWANZA
Naomba niingie kama mwanamke. Mtoa mada unaongea vizuri halafu unatuuza. Yaani mjane asikilizwe kwa sharti alie? Akikauka machozi je? Kuna mjane ambaye hajui kuimba, kuna aliyepigwa na huyo marehemu miaka yote na hana cha kumlilia. Mpeni kipaza sauti kama wanavyopewa kaka zake marehemu, aseme ameketi, macho makavu. Andung iwepo kwa anayeitaka. Msiifanye ndiyo haki yenyewe.

MTOA MADA
Dada, umenigusa penyewe. Lakini kipaza sauti kina mshereheshaji, kina dakika zake, na kina mzee wa kusema "tufupishe". Kilio hakina.

MCHANGIAJI, MWANZA
Kina. Mchungaji akisema tufunge jeneza, kimekwisha.

MCHANGIAJI, BUKOBA
Hilo ni kweli, na hapo ndipo kanisa linaweza kufanya kitu bila mkutano mkuu wala waraka. Kabla ya ibada, mchungaji amuulize mjane mwenyewe, siyo shemeji zake, kama amemaliza. Mengine mtabishana ninyi na watu wa mila.

MCHANGIAJI, TANGA
Na akisema hajamaliza hadi magharibi?

MCHANGIAJI, MWANZA
Mtasubiri. Mbona hotuba za wanaume mnazisubiri.