Wakuu, mfarishi mmoja wa viraka unatakiwa ule shilingi ngapi ya kitambaa?

Fundi wa Ngamiani:
Salaam wakuu. Mimi ni fundi cherehani, nipo Tanga mjini, Ngamiani. Nguo za kina mama ndiyo kazi yangu, ila mwaka jana nilijaribu mifarishi ya vitenge, ile ya kuunga viraka, nikauza miwili kwa lodge moja huku Raskazone. Wameipenda. Sasa wanataka mingine sita ya kitanda cha sita kwa sita, laki na ishirini kila mmoja, na advansi ya laki tatu nimeshapokea. Shida ni kitambaa. Nimezunguka madukani, kila nikipiga hesabu naona faida inaishia kwenye vitenge. Wanaojua kazi hii, mtu atumie kiasi gani kwenye kitambaa? Nusu ya bei? Theluthi? Usingizi sipati. Wa matusi apite kushoto.

Mzee wa Kahawa Chungu:
Laki na ishirini, shuka? Mimi najifunika kanga ya mama watoto na nakoroma mpaka jirani analalamika.

Bibi Mkasi:
Mwanangu, usiulize theluthi wala nusu, anza na kipimo. Sita kwa sita ni godoro. Mfarishi lazima uning'inie pembeni, weka inchi 90 kwa 90. Ukikata viraka vya inchi tano, kila kimoja kikishashonwa kinabaki nne na nusu, maana mshono unakula robo inchi kila upande. Ishirini kwa ishirini, viraka mia nne. Yadi moja ya kitenge cha upana wa inchi 44 inatoa viraka 56, kwa hiyo mfarishi mmoja unataka yadi nane kwa juu tu. Sita ni yadi 48, yaani pisi nane za yadi sita. Mimi pisi nanunua elfu ishirini na nne, ni kama laki moja na tisini na mbili. Chini weka kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe, cha upana wa inchi 60, yadi tano na kitu kwa kila mmoja, jumla kama laki moja hivi. Faiba ya kujaza katikati tuseme elfu tisini. Kwenye laki saba na ishirini utabakiwa na laki tatu na zaidi. Hasara iko wapi hapo?

Halafu ufue kabla ya kukata. Kitenge kipya kimejaa wanga, ukikikata hakijarudi, fuo la kwanza tu mfarishi mzima unajikunja. Na chochote chekundu kiloweke peke yake uone maji yake.

Fundi wa Ngamiani:
Asante sana bibi. Lakini hiyo laki tatu ni mwezi mzima wa kazi, na bado kodi ya fremu. Ile miwili ya kwanza kitambaa cha juu hakikunigharimu kitu.

Msafiri wa Ohio:
Nipo Marekani mwaka wa nane. Huku kushona mifarishi ni ugonjwa kabisa. Jirani yangu, bibi mstaafu, analipa dola 12 mpaka 14 kwa yadi moja ya pamba, na ana kabati limejaa vitambaa ambavyo hajavigusa. Mwenyewe anacheka kwamba akitoka dukani mfuko unabaki kwenye buti mpaka mume alale. Mfarishi mmoja vitambaa tu vinafika dola mia mbili na ushee, na hauzi, anampa mjukuu. Kwa hiyo fundi hayo malalamiko yako huku wangekucheka.

Shangazi wa Pangani:
Huyo bibi wa Ohio ana pensheni. Tusifananishe.

Kipusa wa Makorora:
Samahani kaka, nina swali. Umesema ile miwili kitambaa hakikukugharimu. Kilitoka wapi?

Fundi wa Ngamiani:
Mabaki tu dada. Ofisi ya fundi haikosi mabaki.

Kipusa wa Makorora:
Mabaki ya nani?

Fundi wa Ngamiani:
Ya wateja, ya nani tena. Mtu akishachukua gauni lake haulizi vipande. Ni desturi toka tunajifunza kazi, mwalimu wangu alikuwa anajaza foronya za mito kwa vipande hivyo hivyo. Hilo silo nililouliza.

Shangazi wa Pangani:
Ahaa! Nilijua tu. Mimi nilipeleka doti nzima ya kitenge kwa fundi mmoja, nikaambiwa kilemba hakitoki, kitambaa kimeisha. Wiki mbili baadaye nikamkuta mtoto wake sokoni Mgandini kavaa kigauni cha kitenge changu, na kilemba juu! Mtoto anapendeza kuliko mimi. Nikamnunulia na muwa, ningefanyaje.

Sheikh Mstaafu:
Mabaki ni amana. Mwenye kitambaa aulizwe: nikupe au nibaki nayo? Akisema baki nayo, halali yako. Asipoulizwa, hata kipande cha kufungia kidole usichukue.

Msafiri wa Ohio:
Tusimwonee sana. Kuna sehemu Alabama inaitwa Gee's Bend, kina mama weusi, kizazi cha watumwa, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za shambani, magoti ya suruali yaliyopauka na kila kitu. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilioneshwa Houston, kisha Whitney Museum pale New York, watu wanaiangalia ukutani kama picha. Mabaki si aibu.

Fundi wa Ngamiani:
Mmeona! Hicho ndicho ninachosema.

Kipusa wa Makorora:
Hao walichana suruali za waume zao, hawakuchana za wateja. Na bado hujajibu. Kama mabaki ni bure na ni desturi, kwa nini safari hii unataka kununua?

*(Saa tatu kimya.)*

Fundi wa Ngamiani:
Sawa. Kuna mteja wangu alienda semina pale lodge, wakapumzishwa vyumbani mchana. Akaukuta mfarishi kitandani. Akapiga picha akanitumia, bila maneno, picha tu. Kitenge chake kipo pale katikati, cha bluu chenye ndege wekundu. Nikamjibu kwamba kitenge kile kipo kila duka, na kweli kipo. Hajajibu mpaka leo. Kabatini bado ninacho kingi. Nilikuwa nawaza nikigeuze upande wa pili au nikitie rangi nyeusi, nipunguze gharama ya hii sita.

Bibi Mkasi:
Kitenge cha wax ukikigeuza unapata ndege wale wale, mwanangu, rangi inapenya pande zote mbili. Ukitia nyeusi bluu itazama, hao wekundu watabaki kivuli cha hudhurungi na atawatambua tu. Mwanamke hasahau kitenge chake.

Mzee wa Kahawa Chungu:
Picha bila maneno! Hapo ningehamia Pemba.

Rula na Chaki:
Wakuu mnahangaika bure, hii ni chai, tena ya maziwa. Mimi pia fundi, nipo Bagamoyo, hesabu nazijua. Bibi kasema mfarishi mmoja yadi nane, miwili ni kumi na sita. Mabaki ya gauni ni pembetatu za kwapani na utepe wa pindoni, kiraka cha inchi tano kamili hukipati hapo. Halafu anasema kitenge kimoja bado "kingi" kabatini? Mteja mmoja anaacha kitenge kingi? Jamaa katunga, anataka tu watu wamjadili. Na fundi gani wa Ngamiani anakosa usingizi kwa ajili ya mabaki?

Shangazi wa Pangani:
Eti kweli. Na mimi nimeshatoa siri ya muwa wangu.

Mzee wa Kahawa Chungu:
Chai hii na andazi lake. Mleta uzi, toa picha ya mfarishi.

Fundi wa Ngamiani:
Sitoi picha, nitajulikana. Ila sijatunga. Mteja hakuwa mmoja. Ilikuwa sare ya harusi, kina mama thelathini, kitenge kimoja, mshono mmoja. Kila mmoja alibakiza kama nusu yadi nzima, siyo pembetatu. Ndiyo maana kipo kingi.

Rula na Chaki:
Nusu yadi nzima kwa kila mtu? Sare yenyewe uliagiza yadi ngapi?

Fundi wa Ngamiani:
Nne.

Rula na Chaki:
Mshono gani?

Fundi wa Ngamiani:
Gauni la kawaida, mkono mfupi. Tatu na nusu zinatosha. Lakini wanene wapo, huwezi kujua, fundi lazima ajihami.

Rula na Chaki:
Thelathini wote wanene? Yadi kumi na tano hizo, kaka. Nafuta neno langu, siyo chai. Heri ingekuwa chai.

Kipusa wa Makorora:
Na walinunua wenyewe, kwa michango, kila mtu na jasho lake. Huyo aliyetuma picha ni nani kwenye hiyo harusi?

Fundi wa Ngamiani:
Mama wa bibi harusi. Ndiye aliyekusanya pesa.

Shangazi wa Pangani:
Yallah.

Sheikh Mstaafu:
Mpigie leo. Usimtumie ujumbe, mpigie. Mwambie nusu yadi ya kila mtu ipo kwako na utairudisha, na kilichokatwa utalipa.

Fundi wa Ngamiani:
Shekhe, nikimwambia yeye nimewaambia thelathini. Nitashona nguo ya nani tena Tanga hii? Nimefikiria nimpe doti mpya ya zawadi, nzuri, tuyamalize kimyakimya. Nimeshaichukua dukani kwa mkopo.

Kipusa wa Makorora:
Umeshaichukua. Basi huku ulikuja kuuliza nini?

Bibi Mkasi:
Doti moja kwa watu thelathini. Mwanangu, hesabu ya viraka ilikuwa nzuri kuliko hii. Hicho cha bluu kitoe kabatini, usikate hata inchi. Hizo sita nunua pisi nane kama nilivyokuambia, faida ndogo uile kwa raha.

Mzee wa Kahawa Chungu:
Fundi, doti ikikataliwa niuzie mimi bei ya mkopo.

Mgosi wa Lushoto:
Sijasoma majibu yote, najibu swali la mleta mada. Kabla hujanunua chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Ukinuka karatasi na kuacha majivu laini ni pamba, chukua. Ukiyeyuka na kuacha kijipira kigumu cheusi ni poliesta, acha, kwa joto la Tanga mgeni ataupiga teke mfarishi wako usiku huo huo. Na ulizia kwa mafundi wenzako, huwa wana mabaki mazuri sana, wanayatoa bure.