Ndege ya karatasi inapanda, inasita, inaanguka kwa pua: kosa liko wapi?

mwl_ujiji
Wakuu, salaam. Nafundisha sayansi darasa la tano hapa Ujiji. Watoto wamekunja ndege za A4, zile za mshale. Wakizirusha kwa nguvu zinapanda, zinasita juu, kisha zinadondoka kwa pua. Nyingine zinavuta kushoto mpaka ukutani. Nataka umbo linaloelea polepole ili wahesabu sekunde. Vifaa ni karatasi, rula na klipu tu.

mikunjo_tabora
Mwalimu, mshale una mabawa membamba, unataka kasi. Ukiishiwa kasi hauna cha kuubeba. Tumia hii yenye pua butu.

Karatasi isimame wima. Ikunje katikati kwa urefu, kisha ifungue. Kona mbili za juu zilete kwenye mstari wa kati, upate pembetatu. Pembetatu nzima ikunje ije chini kama mfuniko wa bahasha; ncha yake itakaa sm 10.5 kutoka ukingo mpya wa juu. Hapa ndipo wengi huharibu: kona mpya za juu nazo zije kati, ila zikutane sm 7.5 kutoka juu, zisiifunike ncha. Ncha itachungulia kwa sm 3. Ipandishe juu ya kona hizo izibane. Hilo ndilo kufuli. Likikosekana, tabaka za pua hufunguka angani.

Sasa kunja nusu kwa nje, kufuli libaki tumboni. Shusha mabawa kwa mkunjo ulio sambamba na tumbo, ukiacha tumbo la sm 2.5. Kila mkunjo upige kwa kucha au ubavu wa rula. Mkunjo uliofura ni bawa lililopinda.

Ukiitazama kwa nyuma, mabawa yainuke kidogo kama herufi Y. Yakilala chini ya usawa, ndege itabiringika.

upepo_wa_ziwa
Naongezea kuhusu kusita. Pua ikiinuka mno, hewa haifuati tena mgongo wa bawa, nguvu ya kubeba inapotea, na pua inaanguka. Sababu kubwa ni mbili: mtoto anarusha akilenga dari, au ukingo wa nyuma wa mabawa umekunjwa juu kupita kiasi. Ishikeni tumboni, karibu na pale inapolingana juu ya kidole, muisukume mbele kwa usawa wa bega, pua ikiinama kidogo sana. Kuisukuma tu, si kuivurumisha.

Marekebisho yafanyike moja moja. Inapiga mbizi? Inua kingo za nyuma mm 2. Inapanda na kushuka kama mawimbi? Zilaze. Inavuta kushoto? Kwanza linganisha mabawa, mara nyingi moja ni pana kuliko jingine. Yakiwa sawa, inua kidogo ukingo wa nyuma wa bawa la kulia peke yake.

Na msipimie uwanjani mchana. Kwetu Kigoma mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na sekunde mtakazopata zitakuwa za upepo. Ingieni darasani, mfunge madirisha. Hata ile iliyokuwa rekodi ya dunia ya umbali, mita 69.14 ya mwaka 2012, ndege aliyobuni John Collins na kurushwa na Joe Ayoob, ilipatikana ndani ya jengo.

mwl_ujiji
Ahsanteni sana. Karatasi ya daftari itafaa? Na klipu inakaa wapi?

mikunjo_tabora
Ya daftari ni nyepesi na ndogo, na vile vipimo havitakubali. Ukikosa A4 ya gramu 80, punguza kila kipimo kwa uwiano uleule. Manila iache, tabaka za pua hazitalala. Msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu na mabawa hulegea. Zihifadhi katikati ya vitabu vizito, zitolewe saa ya kurusha.

Kuhusu klipu: ilaze ndege juu ya kidole. Ina urefu wa sm 19 hivi, na inapaswa kulingana karibu sm 8 kutoka puani. Ikilingana nyuma zaidi ya hapo, chomeka klipu moja ndogo tumboni, karibu na pua, urushe tena. Ikianza kupiga mbizi, usiitoe kwanza. Irudishe nyuma sm 1, kisha sm 1 tena, mpaka itulie.