Mjadala: Huruma ya bosi ibaki kuwa hisani yake, au iandikwe kwenye kanuni za kazi?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, hasa ninyi mnaosimamia watu: mameneja, wakuu wa shule, wasimamizi wa maghala, maafisa utumishi. Siku hizi semina za uongozi zinahimiza tuongoze kwa moyo na tusimamie maadili yetu binafsi. Wengine wanajibu kwamba kazi ni kazi, moyo uachwe getini. Mimi nipo upande wa moyo, na nimesimamia watu kwa miaka ya kutosha kujua ninachokitetea. Lakini moyo wa bosi ukibaki kifuani mwake, mfanyakazi hana pa kuushika. Uandikwe, na gharama yake aibebe bosi mwenyewe.

Nianze na msiba, maana hakuna jambo linalomfunua msimamizi haraka kama mtu wake kufiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo endapo mtoto wake ataugua au kufariki, au endapo atafiwa na mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku hizo 4 ni za mzunguko wa miezi 36. Ukifiwa na baba mwaka huu na dada mwaka ujao, ni zilezile 4 mnagawana na misiba yenu. Mwajiri anaweza kuongeza, ila sheria haimlazimishi kuzilipia siku za ziada.

Sasa angalieni nani hayumo. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mama mkwe hayumo. Mama mdogo aliyekulea tangu darasa la kwanza hadi ukapata kazi hiyohiyo unayoombea ruhusa, naye hayumo. Mke akilazwa, hata akiwa mahututi, kifungu hicho hakimtaji. Na hata aliyemo, kama msiba uko Bukoba na wewe unafanya kazi Dar es Salaam, safari ya basi kwenda na kurudi inakula karibu nusu ya siku zako kabla hujashika jembe makaburini.

Pengo hilo linazibwa na moyo wa bosi peke yake. Na hapo ndipo ninapoona watu wakiumia. Sehemu moja niliyofanya kazi, dada wa mapokezi alifiwa na shangazi yake akapewa wiki nzima na mshahara wake kamili, na gari la ofisi likampeleka. Jambo jema kabisa. Muda si mrefu dereva akafiwa na mjomba aliyemlea, akaambiwa akasome mkataba wake. Dada yule alikuwa anasali kanisa moja na meneja. Hakuna sheria iliyovunjwa kwa yeyote kati yao, na meneja yule aliamini kwa dhati kwamba anaongoza kwa moyo. Dereva alirudi kazini na hakusema kitu, lakini kuanzia hapo hakufanya hata dakika moja zaidi ya saa zake, na mimi sikuweza kumlaumu.

Upande wa nidhamu sheria imeliona tatizo hili. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka mtu anapoachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu iangaliwe, pamoja na mengine, kama mwajiri amekuwa akiitumia kanuni husika kwa usawa. Ukimsamehe huyu kwa kuchelewa kwa sababu unamhurumia, kisha ukamfukuza yule kwa kosa lilelile, jiandae kujieleza mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Huruma yako ya jana inakuwa ushahidi dhidi yako leo. Wanaosema moyo uachwe getini hutumia hoja hii, na ni hoja nzito. Mimi naisoma tofauti: kama unataka kusamehe, tangaza mapema kwamba kosa fulani kwa mara ya kwanza linasamehewa, kwa kila mtu.

Halafu kuna suala la moyo wa nani. Maadili binafsi si lazima yawe mema kwa aliye chini yako. Yupo bosi anayeamini kwa moyo wake wote kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga asipangiwe safari za kikazi, kwa hiyo anampunguzia posho na nafasi ya kupanda cheo, akidhani anamtunza. Yupo anayeanza kila asubuhi kwa sala ya dini yake na kumwangalia kwa jicho baya asiyeitikia. Sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengineyo, na naona ni sahihi ikatangulia mbele ya moyo wa mtu yeyote.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya kuletwa na semina, nawakumbusha Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati ule. Ibara ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliichukua kama ilivyo. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilizuka sehemu nyingi, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara bali ya kutukanwa na kudharauliwa na mameneja. Serikali yenyewe baadaye iliwageuka, wengine wakafukuzwa kazi. Bado nalipenda tukio hilo, kwa sababu heshima ilipoandikwa, mtu wa chini alipata ibara ya kumsomea bosi wake.

Najua mtaniletea hoja ya fedha. Mfano unaotajwa sana ni Aaron Feuerstein wa Malden Mills, kiwanda cha nguo huko Massachusetts, Marekani. Kiliungua Desemba 1995. Angeweza kuchukua bima na kupumzika, umri wake ulikuwa umeenda. Badala yake alijenga upya, na aliendelea kwa miezi kadhaa kuwalipa wafanyakazi waliokuwa nyumbani. Mwaka 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na baadaye akapoteza usukani wake. Wapo wanaosema moyo ulimfilisi. Deni kubwa lilitokana na ujenzi mpya, na ushindani wa vitambaa vya bei ya chini haukumsubiri. Lakini sikatai kwamba mishahara ile ilikuwa mzigo. Ninachokiona kwake ni kwamba moyo wake ulimgharimu yeye. Mlinganisheni na bosi anayesema "sisi hapa ni familia" siku anayotaka mje Jumamosi bila malipo, wakati sheria inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Huyo anatumia moyo wa wengine.

Pendekezo langu ni karatasi moja ukutani. Iseme kwamba aliyekulea anahesabika kama mzazi, hata kama hakukuzaa. Itaje siku za msiba zenye malipo zaidi ya zile 4, na zilingane kwa mlinzi na kwa mkurugenzi. Iseme pia kwamba mwenzi akilazwa, ruhusa ipo.

Swali linalonisumbua, ambalo naomba waajiri wadogo wanijibu bila kupamba: una duka la vifaa vya ujenzi lenye watu 4, mauzo yanatosha mishahara na kodi ya fremu tu, na mmoja anaomba siku 7 kwa msiba wa mama yake mdogo huku mwingine yuko kwenye likizo ya uzazi ya siku 84. Karatasi ile utaibandika? Na kama hutaweza kuzilipa siku zote, ni zipi utaanza kukata, na utawaambiaje watu wako kabla msiba haujatokea?